Vilengeo ving'aavyo gizani: Mambo ya kujua kabla ya kuvifunga kwenye revolva nyumbani

KUMILIKI bastola kihalali ni jambo moja, na kuweza kuielekeza sawasawa usiku ni jambo jingine. Katika Makole, kata iliyo karibu na katikati ya Jiji la Dodoma, usiku huchukua takriban nusu ya saa zote 24 mwaka mzima, kama ilivyo katika miji yote isiyo mbali na Ikweta. Kufikia saa 1:30 usiku giza limekwishatanda, na umeme unapokatika mwenye bastola ya chuma cheusi hawezi hata kuiona ncha ya mtutu wake.

Kwa sababu hiyo viwanda vya silaha duniani vimebuni vilengeo ving'aavyo gizani. Hivi huuzwa peke yake, mbali na silaha, kwa ajili ya mmiliki anayetaka kuviweka kwenye bastola aliyo nayo tayari. Tangazo la kifaa hicho kwenye intaneti humwonyesha mnunuzi kuwa kazi ni ya dakika chache: pini inatoka, kipande kipya kinaingia, mambo yamekwisha. Ukweli ni mpana zaidi ya hapo, hasa kwa aina ya bastola iitwayo revolva, na hasa kwa mtu anayeishi chini ya sheria za Tanzania.

Makala hii inaeleza vifaa hivyo ni nini, vinafanyaje kazi, vinafungwaje, na kwa nini meza ya chakula si mahali pa kufanyia kazi hiyo.

Kilengeo ni nini?

Kila bastola ina sehemu mbili za kulengea. Ya mbele ni kinundu au kipande chembamba kilichosimama kwenye ncha ya mtutu. Ya nyuma ni pengo au mfereji ulio juu ya mpini, karibu na jicho la mpigaji. Mpigaji hukiweka kilengeo cha mbele katikati ya pengo la nyuma, vichwa vyake vikiwa sawa, kisha huvielekeza vyote kwenye shabaha.

Revolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo kwa kawaida huchukua risasi tano au sita. Mmarekani Samuel Colt alipata hati ya ubunifu wake Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Katika jeshi la Uingereza, revolva za Webley na baadaye Enfield zilikuwa silaha rasmi za maofisa. Webley Mark VI iliingia jeshini mwaka 1915, na tayari ilikuwa na kilengeo cha mbele kilichoshikwa kwa skrubu, kinachoweza kubadilishwa. Wazo la kubadilisha kilengeo, kwa hiyo, si geni hata kidogo. Kilicho kipya ni mwanga.

Aina tatu za mwanga

Vilengeo vinavyouzwa kwa jina la vilengeo vya usiku havifanani, na mnunuzi asiyetofautisha anaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kisichomfaa.

Aina ya kwanza ni rangi inayonywa mwanga. Rangi hiyo huangaziwa kwa tochi au taa, kisha hung'aa yenyewe kwa muda na kufifia taratibu. Bastola iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma tangu asubuhi haitang'aa saa nane usiku, kwa kuwa rangi yake haikupata mwanga wa kunywa.

Aina ya pili ni uzi wa plastiki unaokusanya mwanga wa mazingira na kuutoa kwenye ncha kama nukta kali nyekundu au ya kijani. Mchana, na wakati wa magharibi, uzi huo huonekana vizuri mno. Penye giza totoro hauna cha kukusanya, hivyo hauonyeshi chochote.

Aina ya tatu ndiyo hasa inayostahili jina la kilengeo cha usiku. Ndani yake mna kichupa kidogo cha kioo kilichojazwa gesi ya tritiamu, ambayo ni aina ya haidrojeni yenye mnururisho. Ukuta wa ndani wa kichupa umepakwa unga unaong'aa unapopigwa na chembe zinazotoka kwenye gesi hiyo. Hakihitaji betri, tochi wala jua. Hung'aa usiku na mchana bila kuzimwa. Kampuni ya Trijicon ya Marekani na Meprolight ya Israel ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana. Rangi ya kijani hutumiwa zaidi kwa kuwa jicho la binadamu huiona kwa urahisi kuliko nyingine palipo na mwanga hafifu.

Hata hivyo, tritiamu huisha. Kila baada ya miaka 12.3 hivi nguvu yake hupungua kwa nusu. Kilengeo kilichotengenezwa mwaka 2013 kimebakiwa na takriban nusu ya mwanga wake kufikia mwaka 2025, na baada ya miaka 25 kitakuwa na robo tu. Hivyo kilengeo kilichotumika, au kilichokaa dukani miaka mingi, kinaweza kuuzwa kwa bei ya kipya huku kikiwa kimefifia. Mnunuzi anapaswa kutazama mwaka wa kutengenezwa kabla ya kutazama bei.

Revolva hazifanani

Kwenye bastola nyingi za kisasa zenye kasha la risasi ndani ya mpini, vilengeo vyote viwili hukaa juu ya kipande cha chuma kinachoteleza, navyo huchopekwa kwenye mifereji. Ni rahisi kutoa seti moja na kuingiza nyingine. Kwenye revolva mambo hutegemea mtengenezaji na toleo.

Zipo revolva ambazo kilengeo cha mbele kimechongwa pamoja na mtutu wenyewe, kikiwa kipande kimoja cha chuma, na cha nyuma ni mfereji uliochimbwa juu ya fremu. Matoleo mengi ya Smith & Wesson Model 10, revolva iliyotumiwa na polisi wa nchi nyingi, yako hivyo. Hapo hakuna cha kufungua. Kuweka kichupa cha tritiamu kunahitaji kukatwa kwa kilengeo cha asili na kutobolewa kwa chuma, kazi ya mashine na fundi mwenye ujuzi. Kosa likitokea, halirekebishiki kwa gundi.

Kundi la pili ni la revolva ambazo kilengeo cha mbele kimeshikwa kwa pini ndogo inayopita ubavuni. Ruger SP101 ni mfano. Kundi la tatu, kama Ruger GP100, lina kitufe kidogo chenye springi mbele ya kilengeo. Kikibonyezwa, kilengeo hutoka na kingine huingia. Nyingine hutumia skrubu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: revolva yangu ni ya kundi gani? Toleo moja hutofautiana na jingine hata ndani ya jina lile lile, na kilengeo cha Ruger hakiingii kwenye Smith & Wesson.

Lipo pia suala la kilengeo cha nyuma. Kwenye revolva nyingi ndogo za kubeba, cha nyuma ni mfereji tu usioweza kuwekwa nukta ya mwanga. Mmiliki hupata nukta moja, ya mbele. Penye giza nukta hiyo huonekana vizuri, lakini haisemi kama bastola imeelekea sawa. Mtutu unaweza kuwa umeinuka au kupinda kushoto huku nukta ikionekana imetulia. Asiyefanya mazoezi hudhani analenga, kumbe anaona nukta tu.

Milimita moja

Kuna hesabu ndogo ambayo matangazo huiruka. Tuseme umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni milimita 150. Kilengeo kipya kikiwa kirefu kuliko cha zamani kwa milimita moja tu, basi kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 15 risasi itapiga sentimita 10 chini ya pale ilipokuwa ikipiga. Kikiwa kifupi kwa kiasi hicho hicho, risasi itapanda sentimita 10. Kikikaa upande kwa milimita moja, risasi nayo itakwenda upande kwa kiasi hicho.

Sentimita 10 si jambo dogo. Risasi iliyokosa haipotei, huenda mahali. Katika mitaa yenye nyumba zilizokaribiana, ukuta na ukuta, bati na bati, mahali hapo panaweza kuwa chumba cha jirani anayelala.

Ndiyo maana kazi ya kufunga kilengeo haiishii kwenye kukifunga. Lazima bastola ipelekwe kwenye uwanja wa kulenga shabaha ulioidhinishwa, ipigwe kwa aina ile ile ya risasi ambayo mmiliki huitumia, na kilengeo kirekebishwe hadi risasi zitue panapolengwa. Uani mwa nyumba, hata pawe na ukuta mrefu, si uwanja wa shabaha.

Kazi inavyofanyika

Fundi silaha huanza kwa kuondoa risasi. Silinda hufunguliwa, risasi zote hutolewa na kuhesabiwa, kila tundu hutazamwa na kuguswa kwa kidole, mtutu hukaguliwa, kisha risasi hupelekwa chumba kingine kabisa. Hatua hii haina njia ya mkato. Kwenye revolva kukosea ni rahisi, kwani silinda ikishafungwa mtu hawezi kuwa na uhakika kwa kuitazama kwa juu tu.

Baada ya hapo fremu hubanwa kwenye jiliwa lenye mashavu laini ili chuma kisikwaruzwe wala kupindwa. Penye pini, fundi hutumia kichomeo chenye unene sawa na pini ile na nyundo nyepesi, akijua pini hutokea upande gani. Kilengeo kipya hujaribiwa kwanza bila kulazimishwa. Kikibana, msingi wake hupunguzwa kwa tupa laini kidogo kidogo, na ni kilengeo kinachopunguzwa wala si mtutu. Mara nyingi tundu la pini kwenye kilengeo kipya halijatobolewa. Fundi hulitoboa kwa kufuata tundu lililopo kwenye mtutu, huku akikiepuka kichupa cha kioo kilicho umbali wa milimita chache.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani huharibika. Msumari badala ya kichomeo huteleza na kuchora mtutu. Nyundo ya seremala hupasua kioo. Kuchomea kwa moto, njia ambayo baadhi ya mafundi wa vyuma hupenda, huharibu kichupa na huweza kulegeza ugumu wa chuma cha mtutu. Dawa kali za kusafishia nazo hula gundi inayokishika kichupa.

Kwa mmiliki anayetaka tu kukiona kilengeo cha mbele vizuri zaidi, ipo njia isiyogusa chuma. Silaha ikiwa haina risasi, uso wa kilengeo unaotazama jicho hufutwa mafuta kwa spiriti, hupakwa rangi nyeupe kama msingi, kisha rangi kali ya machungwa au kijani juu yake. Hata rangi ya kucha hufaa. Vumbi la Dodoma la miezi ya kiangazi hushika haraka kwenye mafuta, hivyo kufuta ndiko kunakoamua kama rangi itadumu. Haing'ai gizani, lakini wakati wa magharibi au chini ya taa hafifu husaidia sana, nayo hufutika bila kuacha alama.

Kichupa kikipasuka

Tritiamu si radiamu. Radiamu, iliyopakwa kwenye saa za mkononi mwanzoni mwa karne ya 20, iliwaua na kuwalemaza wanawake waliofanya kazi hiyo katika viwanda vya Marekani. Chembe za tritiamu ni dhaifu kiasi kwamba haziwezi kupenya ngozi ya binadamu, na zikiwa ndani ya kioo kizima hazimdhuru anayebeba bastola.

Hatari huja gesi inapovutwa au inapoingia mwilini. Kichupa kikipasuka, fungua madirisha na milango, toka chumbani, watoe watoto, na uache hewa ipite. Usiviokote vipande kwa mikono mitupu. Tumia glavu, viweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha nawa mikono kwa sabuni. Kilengeo kilichochakaa hakichomwi pamoja na takataka wala hakitupwi jalalani.

Nchini Tanzania vyanzo vya mnururisho husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ya mwaka 2003. Anayekusudia kuagiza kilengeo cha tritiamu kutoka nje anapaswa kuiuliza tume hiyo kwanza, kabla ya kulipa, iwapo kibali kinahitajika. Mzigo uliozuiwa forodhani hauna wa kumlaumu isipokuwa aliyeuagiza.

Sheria inasemaje?

Silaha za raia nchini zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini yake mmiliki lazima awe na leseni, silaha iwe imesajiliwa, na itunzwe mahali salama. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha, na wamiliki wakatakiwa kuzipeleka zikaguliwe. Bastola iliyo kwenye kumbukumbu za polisi inatakiwa ibaki ile ile inayotambulika.

Hapo ndipo tupa na drili huweza kumwingiza mtu matatani. Namba ya silaha na alama za mtengenezaji ndizo utambulisho wake, na kuzifuta au kuziharibu ni kosa. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004, kuhusu silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ambayo inasisitiza uwekaji wa alama kwenye silaha ili zifuatiliwe. Aidha, kutengeneza silaha za watu wengine kwa malipo ni shughuli inayohitaji leseni. Fundi wa pikipiki au wa mageti, hata awe hodari namna gani, si fundi silaha. Mmiliki anayemwachia bastola yake kwa siku mbili amekwishaikabidhi mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo.

Kwa mkazi wa Makole, kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kwenda kituo cha polisi akiwa na leseni yake na kuuliza: je, mabadiliko haya yanaruhusiwa, kipuri hiki kinahitaji kibali cha kuingizwa nchini, na fundi gani mwenye leseni anaweza kuifanya kazi?

Kuona kilengeo si kumwona mtu

Hata kazi ikifanywa vizuri na kwa kibali, kuna jambo ambalo kilengeo cha usiku hakiwezi kulifanya. Kinamwonyesha mpigaji bastola yake ilipo. Hakimwonyeshi nani amesimama mbele yake.

Kivuli kwenye korido saa tisa usiku kinaweza kuwa cha mwizi. Kinaweza pia kuwa cha mtoto aliyekwenda msalani, cha mgeni aliyelala sebuleni, au cha kijana wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Nukta ya kijani hung'aa sawasawa mbele ya wote hao. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya mtu kujilinda yeye, wenzake na mali, lakini nguvu inayotumika lazima iwe ya kadiri inayostahili. Aliyefyatua bila kujua anamfyatulia nani atapata shida kubwa kueleza mbele ya mahakama kwamba alipima kadiri hiyo.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha usiku kwa mwenye bastola ni tochi nzuri, inayoshikwa mkono mwingine. Tochi humtambulisha mtu, kilengeo hakimtambulishi. Taa ya nje inayotumia jua, mlango imara, komeo zima, namba ya simu ya polisi iliyohifadhiwa na jirani anayeitika akiitwa usiku, vyote hivyo hufanya kazi kabla bastola haijatoka sandukuni, na havihitaji leseni.

Kwa atakayeendelea na nia yake baada ya kuyapima hayo, utaratibu ni huu: ajue kwanza revolva yake ni ya kundi gani; aulize polisi na TAEC kabla ya kununua; atazame mwaka wa kutengenezwa kwa kilengeo; ampe kazi fundi mwenye leseni; aijaribu silaha kwenye uwanja ulioidhinishwa; kisha airudishe ndani ya sanduku lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine, na ufunguo ukiwa mahali ambapo mtoto hafiki.